Kisima cha Ufuatiliaji

Mgodi ukishafungwa, mashimo yakafukiwa na miti ikapandwa, hubaki mabomba membamba yaliyochomoza ardhini, kila moja na kifuniko chake cha kufuli. Hakuna ndoo wala kamba, na hakuna anayekunywa maji yake. Wapo wanaoyaita visima vya uangalizi, wengine visima vya uchunguzi. Mimi nashikilia visima vya ufuatiliaji.

Uangalizi umebeba maana ya kutunza: mgonjwa yuko chini ya uangalizi wa daktari, mtoto chini ya uangalizi wa bibi yake. Uchunguzi nao hufika mwisho, ripoti ikaandikwa na jalada likafungwa. Kufuatilia ni kuandama jambo hatua kwa hatua bila kuliachia, na ndiyo kazi yenyewe: kupima mahali palepale, kwa namna ileile, mwezi baada ya mwezi, hata mwenye mgodi akishaondoka.

Kwanza hupimwa usawa wa maji. Fundi huteremsha bombani utepe wenye kitambuzi cha umeme, nacho hulia kikigusa maji. Husoma kina kuanzia alama iliyowekwa mdomoni mwa bomba, kisha hukitoa kwenye mwinuko wa alama hiyo juu ya usawa wa bahari. Kisima kimoja hakitoshi. Vikiwa vitatu vilivyotawanyika, utajua maji yanaelekea wapi, kwa kuwa maji ya ardhini hutoka penye usawa wa juu kwenda wa chini.

Huko Butte, jimbo la Montana, Marekani, namba hizo zimebeba hatima ya mji. Tarehe 22 Aprili 1982 zilizimwa pampu zilizokuwa zikikausha migodi ya shaba iliyo chini ya mji. Maji yakapanda katika mahandaki na mashimo ya wima, yale ambayo wachimbaji wadogo wa Tanzania huyaita maduara, yakaingia katika shimo kubwa la wazi la Berkeley. Mwamba wa huko una salfidi ya chuma, ambayo ikikutana na hewa na maji huzaa asidi; asidi nayo huyeyusha shaba, zinki na kadimi. Kwa miaka mingi pH ya maji hayo ilikuwa karibu 2.5, ukali wa ndimu. Salama ya wakazi ni kwamba usawa wa maji shimoni uko chini kuliko wa pande zote, hivyo maji machafu huingia humo badala ya kutoka. Mamlaka zikaweka mpaka wa futi 5,410 juu ya usawa wa bahari, takriban mita 1,649. Yakipita hapo yanaweza kugeuza mkondo na kuelekea kijito cha Silver Bow. Vipimo katika maduara ya zamani kama Kelley na Anselmo vilionyesha maji yanavyopanda, na mwaka 2019, kabla mpaka haujafikiwa, maji ya shimo yakaanza kuvutwa, kusafishwa na kuachiliwa.

Kisha huja ubora, na hapa uzembe hujificha kwa urahisi. Maji yaliyolala bombani hayasemi kweli juu ya mwamba, kwa hiyo hutolewa kwanza mpaka joto, pH na upitishaji wa umeme vitulie. Sampuli ya kupima metali zilizoyeyuka huchujwa papo hapo na kutiwa asidi kidogo; bila hivyo metali hunata kwenye chupa, na maabara itatangaza kuwa maji ni safi kumbe sivyo. Cha kupimwa hutegemea mahali. Kwale, pwani ya Kenya, ambako uchimbaji wa mchanga wa titani ulikoma Desemba 2024, bahari iko karibu, na chumvi inastahili kufuatiliwa sawa na metali.

Ukiishi jirani na mgodi unaofungwa, uliza kwenye mkutano wa kijiji: visima vya ufuatiliaji viko wapi, vipimo vya kabla ya uchimbaji viko kwa nani, na nani atalipia upimaji kampuni ikishaondoka. Dai majibu kwa maandishi.