Makasha ya Njumu katika Pwani ya Afrika Mashariki

Kasha la njumu, yaani sanduku kubwa la mbao lililopambwa kwa misumari na mabapa ya shaba ya njano, hujulikana na wauzaji wa vitu vya kale kuwa kasha la Zanzibar, ingawa mengi ya makasha hayo yalitengenezwa Bara Hindi, hasa Surat na Bombay, yakaletwa na majahazi yaliyoteremka kwa upepo wa kaskazi, ambao huvuma takriban Desemba hadi Machi. Biashara hiyo hiyo iliyafikisha Maskati na Kuwait, na ndiyo sababu mandusi, kama sanduku hilo linavyoitwa Oman, hufanana mno na kasha la Unguja.

Mbao zilizopendwa zilikuwa za msaji, mti ambao mafuta yake ya asili huzuia unyevu na wadudu, na za sesemi, mti mgumu wa jamii moja na mpingo. Pambo la shaba lilikuwa na kazi yake, kwa kuwa mabapa yaliyokunjwa pembeni yaliimarisha maungio, na misumari yenye vichwa vya mviringo, iliyopangwa kwa maua na duara, ndiyo iliyoyashikilia. Kufunga kulitegemea bapa refu lenye tundu, lililoshuka kutoka kwenye kifuniko na kuvikwa juu ya tumbuu, yaani kipete cha chuma kilichogongomelewa mbaoni, ndipo kufuli likapitishwa. Ndani, upande mmoja, palikuwa na kibweta chenye kifuniko chake, ambacho chini yake fundi aliweza kuficha droo ya siri. Droo za wazi, mara nyingi tatu, zilikaa chini kwa nje. Baadhi ya makasha yaliwekwa juu ya kitako cha pekee, ili mbao zisiguse sakafu yenye unyevu.

Makasha ya mabaharia yalikuwa madogo na hayakuwa na urembo mwingi. Alan Villiers, Mwaustralia aliyesafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939 hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, aliona kwamba baharia alibeba kashani bidhaa zake mwenyewe za kuuza bandarini, kwa kuwa fungu lake la mapato ya chombo lilikuwa dogo. Kasha la baharia, basi, lilikuwa duka kuliko kabati.

Nchi kavu mambo yaligeuka. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, anaeleza kuwa makabati hayakutumika katika nyumba za Zanzibar, bali kila chumba kilikuwa na makasha kadhaa mazito yenye misumari mingi ya shaba na mahali pa siri pa fedha na vito. Chombo cha safari kilikuwa kimekwisha kuwa samani, kizito kupita kiasi kwa mpagazi mmoja.

Masanduku ya bati yalipoenea, kasha lilipoteza kazi ya safari, na mwanafunzi wa bweni leo hubeba tranka. Mafundi wa Mji Mkongwe bado hutengeneza makasha ya njumu kwa ajili ya wageni, na mengine huchakazwa makusudi. Mnunuzi makini hutazama kwanza bawaba na upande wa chini wa droo, kwa kuwa mahali hapo mchakao wa kweli ni mgumu kuigizwa.