Kubadilisha Mitambo ya Maji ya Mji: Mfano wa Philadelphia (1801-1909)

Mji ukikosa maji, lawama huiangukia pampu. Katika miji yetu twasikia mara kwa mara kwamba mitambo imechakaa, iletwe mipya, nayo maji yatarudi. Usemi huo si uongo, ila haukamiliki. Katika makala haya tutautazama mji mmoja wa Marekani, Philadelphia, ambao ulibadilisha mitambo yake ya maji mara kadhaa katika muda wa karne moja. Tutajiuliza kila badiliko liliponya nini, na liliacha nini bila kuponywa.

Chanzo cha habari hii ni maradhi. Mwaka 1793 homa ya manjano iliua watu wapatao 5.000 katika mji uliokuwa na wakazi 50.000 hivi. Wakati ule haikujulikana kwamba mwenye kuieneza ni mbu. Wengi waliushuku uchafu wa barabara na wa visima. Homa iliporudi katika miaka iliyofuata, wenyeji walidai maji safi ya kunywa na ya kuoshea mji. Kazi hiyo alipewa mhandisi Benjamin Henry Latrobe, na mwezi wa Januari 1801 maji ya mto Schuylkill yakaanza kupita katika mabomba ya mji, ambayo yalikuwa magogo yaliyotobolewa.

Latrobe alitumia mashine mbili za mvuke. Ya kwanza, iliyokuwa kando ya mto, iliyainua maji na kuyaingiza katika njia ya matofali iliyopita chini ya ardhi. Ya pili, katikati ya mji, iliyapandisha hadi kwenye matangi ya mbao, na kutoka huko yakashuka yenyewe majumbani. Mpango huo ulikuwa na kasoro mbili. Mashine zilitegemeana, hata moja ikiharibika mji mzima ulikosa maji. Tena matangi yalikuwa madogo, hayakuweka akiba ya hata saa moja.

Frederick Graff, aliyekuwa msaidizi wa Latrobe, alizifahamu kasoro hizo kwa karibu. Kituo kipya alichokijenga Fairmount, kilichoanza kazi mwaka 1815, kilipeleka maji katika hodhi zilizochimbwa juu ya kilima. Kwa hiyo mafundi waliweza kuitengeneza mashine huku maji yakiendelea kushuka mjini. Lakini mvuke ulikula kuni nyingi mno, na boila zilipasuka mwaka 1818 na tena mwaka 1821, zikaua watu. Ndipo mji ukajenga ukuta wa kuuzuia mto, na kuanzia mwaka 1822 pampu zikaendeshwa na magurudumu yaliyozungushwa na maji yenyewe. Gharama zilishuka sana, na wageni wakaja kukitazama kituo. Mmoja wao, Charles Dickens, alikisifu baada ya safari yake ya mwaka 1842. Hata hivyo bahari ilipojaa, maji yaliyo chini ya ukuta yalipanda na kuyazuia magurudumu. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1851 zilianza kuingizwa turbini, ambazo huzunguka hata zikiwa zimezama.

Hadi hapo kila kizazi cha mafundi kilikuwa kimesahihisha kosa la kizazi kilichotangulia. Lakini wakati mitambo ilipokuwa ikifanywa mipya, mto wenyewe ulikuwa ukiharibika. Viwanda, machimbo ya makaa ya mawe na miji ya upande wa juu ilimwaga taka ndani yake. Wakuu wa mji waliiona hatari hiyo mapema: mwaka 1844 mji ulinunua shamba la Lemon Hill, karibu na kituo, na mwaka 1855 ukalifanya bustani ya umma. Hatua hiyo ilikuwa ya busara, lakini sehemu kubwa ya mto ilibaki nje ya mamlaka ya mji. Mwishoni mwa karne ya 19 homa ya matumbo iliua watu wengi. Turbini zilifanya kazi yake barabara, na kwa kufanya hivyo zilifikisha ugonjwa majumbani. Dawa ilikuwa machujio makubwa ya mchanga, yaliyojengwa mahali pengine mwanzoni mwa karne ya 20. Fairmount kilifungwa mwaka 1909, na vifo vya homa ya matumbo vikapungua sana.

Mfano huu unatuhusu. Goma ilipokatiwa umeme mwezi wa Januari 2025, vita vikiwa vimeufikia mji, pampu zilisimama na wakazi wakarudi kuchota maji ya ziwa Kivu kwa bidoni, huku wakihofia kipindupindu. Hapana shaka pampu mpya zahitajika katika miji yetu mingi. Lakini kabla ya kuzinunua yafaa kuuliza zitaendeshwa kwa nguvu gani, zitajaza akiba ya saa ngapi, na nani ana mamlaka ya kukilinda chanzo cha maji. Philadelphia ilijibu maswali mawili ya kwanza kwa ustadi. La tatu lililipiwa kwa maisha ya watu. Wanafunzi wetu wa historia wangefanya kazi yenye manufaa wakikusanya habari za vituo vya maji vya miji yao, tangu REGIDESO ilipoundwa mwaka 1939, pamoja na ushuhuda wa mafundi wazee waliovitumikia, kabla haujapotea.