Marafiki wa Banani

Mwezi wa Aprili 1897 Sultani Hamud bin Muhammad aliuondoa utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Mwaka huo huo Waingereza wa chama cha Marafiki, akina Bwana Theodore Burtt, walifika Pemba. Wakanunua shamba la mikarafuu Banani, walioachwa huru wapate kazi ya mshahara.

Marafiki wa Uingereza hawabatizi kwa maji, wala hawana makasisi. Husali kwa kunyamaza. Jirani Mwislamu, aliyezoea adhana na rakaa, angeiona wapi ibada hapo? Wafuasi walikuwa wachache.

Nasi twaona mhubiri asiyeijua Kurani husema peke yake. Padre Godfrey Dale wa Unguja aliifasiri kwa Kiswahili, ikachapwa 1923. Waislamu hawakuridhika nayo. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, mwalimu wa shule kama sisi, alitoa yake 1969.