Kuelemea

Kwa ndege ya kivita ya P-51D Mustang, ya kweli au ya kwenye kompyuta, kusema "ndege ni nzito" hakutoshi. Mabaharia wetu wana neno bora: kuelemea. Tangi la nyuma ya rubani hubeba galoni 85 za Marekani. Likijaa, ndege huelemea mkiani, na ukikata kona kali pua hujiinua yenyewe. Kwa hiyo rubani hufuata mpangilio: hupaa kwa mafuta ya tangi la bawa la kushoto, maana mafuta yanayorudi kutoka kabureta huingia humo na yanahitaji nafasi. Kisha hupunguza mafuta ya tangi la nyuma, ndipo aguse matangi yanayoning'inia chini ya mabawa. Adui akitokea, hayo hutupwa, na ndege huingia vitani bila kuelemea.