Bunduki ya Nyumbani Italindwa na Nani?

Ukiuliza watu kumi mtaani Dedan Kimathi alinyongwa kwa kosa gani, wengi watakuambia ni kuua, ama kuongoza Mau Mau. Karatasi za kesi zinasema lingine. Alikamatwa Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akafikishwa mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, na mashtaka yaliyompeleka kitanzini Kamiti tarehe 18 Februari 1957 yalihusu silaha aliyopatikana nayo. Rivolva moja na risasi sita.

Miaka hiyo hiyo, Nyeri hiyo hiyo, mlowezi wa kizungu aliweza kula chakula cha jioni na rivolva kando ya sahani, aende nayo bafuni, alale nayo chini ya mto, na hakuna askari angemuuliza. Serikali ilimtarajia afanye hivyo. Chuma ni kile kile. Kwa meza moja kilikuwa ulinzi wa familia, kwa meza nyingine kilikuwa kifo.

Mambo haya yamekuwa yakinizunguka kichwani tangu Mjomba aniulize swali. Mjomba ana duka la vifaa vya ujenzi Naivasha. Mwaka jana wezi waliingia kwake usiku, wakamfunga mlinzi kamba, wakabeba walichoweza kubeba. Mke wake na watoto walikuwa wamejifungia chumbani, wanasikiliza. Tangu siku hiyo Mjomba halali vizuri. Paka akiruka juu ya mabati, yeye ameshasimama.

"Kijana," akaniambia, "wewe umesoma. Hebu nitafutie. Mtu akitaka bunduki ya kwanza ya kulinda boma, anachukua gani? Bastola ama shotigani?"

Kusoma kwenyewe niliacha mwaka wa tatu, karo ilipokwisha. Lakini kwa ukoo wetu, ukishakanyaga chuo kikuu hata wiki moja, wewe ni maktaba. Kwa hivyo nikaenda kutafuta.

Kama swali lingekuwa la dukani tu, jibu lake ni fupi. Bastola ni ndogo, inabebeka, inageuzwa kwa urahisi ndani ya nyumba, lakini mkono unaotetemeka unakosa nayo hata kwa hatua tano, na inataka mazoezi ya mara kwa mara. Shotigani inasamehe kidogo ukilenga kwa karibu, lakini ni ndefu, inapiga bega teke, na korido nyembamba haiipendi. Zote mbili risasi yake inaweza kupita ukuta wa mbao ama wa mabati na kumkuta mtu aliyelala upande wa pili. Ningeweza kuishia hapo, nimtumie Mjomba ujumbe, tumalize. Lakini kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba swali lake wamelijibu watu wengi kabla yake, tena papo hapo alipo, na jibu halikuwa la bastola wala shotigani.

Bunduki zilikuwa nyingi huku kabla ya Mzungu kuchora mipaka. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza kule Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba kati ya bunduki 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia soko la Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa magobori, yale ya kushindilia baruti kwa mdomo, zikienda bara na misafara ya pembe na watumwa. Miaka miwili baadaye, 1890, mataifa makubwa yakatia saini Mkataba wa Brussels. Ulikuwa mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake mlikuwa na marufuku ya kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Sababu ilikuwa nzuri kuisikia. Matokeo yake ni kwamba walowezi walipoanza kuja Kenya na bunduki zao, aliyewakuta hapa alikuwa na mkuki. Tangu mwanzo, swali la serikali kuhusu silaha ya nyumbani lilikuwa "ya nani?" kabla halijawa "ya aina gani?"

Sasa twende 1953, maana hapo ndipo bunduki ya nyumbani ilipopewa mtihani wake mkubwa nchini.

Usiku wa tarehe 2 Januari, wanawake wawili walowezi, Kitty Hesselberger na Dorothy Raynes-Simson, walikuwa sebuleni kwa shamba lao karibu na Nyeri, wamemaliza kula. Wanaume wenye silaha wakaingia. Silaha za wale wanawake zilikuwa karibu, mkono ulifika. Walifyatua, wakaua, wakabaki hai. Habari ikazunguka dunia, na kila mlowezi aliyesoma gazeti akajifunza somo moja: weka bunduki pale mkono unapofika.

Wiki tatu baadaye, tarehe 24 Januari, kule Kinangop, Roger Ruck, mkewe Esme aliyekuwa daktari, na mtoto wao Michael wa miaka sita waliuawa nyumbani kwao. Roger alitolewa nje usiku kwa kuitwa na mfanyakazi wa shamba lake mwenyewe. Sauti aliyoijua. Kuanzia hapo walowezi hawakuogopa msitu tu, waliogopa jikoni. Wapishi waliopika miaka kumi wakawa wanatolewa nje kabla ya giza, milango inafungwa, na chakula cha jioni mwenye nyumba anajipakulia mwenyewe.

Hapa nilisimama kusoma kwa muda. Nilikuwa nimedhani bunduki inamtenganisha mwenye nyumba na mwizi. Kumbe inaanza kwa kumtenganisha na watu wa nyumbani. Ukiiweka pale mkono wako unapofika, umeiweka pale mkono wa mtoto unafika, na wa mpishi, na wa mgeni wa sofa. Ukiifungia mbali, siku ya wezi utakuwa unatafuta ufunguo gizani. Hilo fumbo halijawahi kufumbuliwa na mtu. Walowezi walilijibu kwa kupunguza watu.

Na bado haikutosha, kwa sababu Mau Mau walihitaji bunduki kuliko kitu kingine chochote. Wengi wao walienda msituni na panga, ama na bunduki za kujitengenezea, bomba la maji kwa mtutu, komeo la mlango, na mpira wa kuvuta ili komeo lipige risasi. Bunduki ya kweli ilipatikana kwa askari ama kwa nyumba ya mlowezi. Kwa hivyo chuma kilichonunuliwa kufukuza wavamizi kikawa ndicho kinachowaita. Serikali ililijua hili, ndiyo maana mlowezi aliyezembea akapoteza silaha yake alihesabiwa ametenda kosa. Na Mwafrika aliyekutwa na silaha bila ruhusa, ama hata risasi tu, angeweza kunyongwa. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa wakati wa Hali ya Hatari, na wengi wao hawakuwa wametiwa hatiani kwa kuua mtu.

Mjomba anaishi Naivasha, kwa hivyo nilimwambia ya mji wake. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, Mau Mau walivamia kituo cha polisi cha Naivasha. Walichukua bunduki na risasi, wakafungulia wafungwa, wakaenda zao. Kituo cha polisi! Mahali palipojengwa kulinda silaha, penye askari na uzio. Sefu ya chumbani itafanya nini?

Usiku ule ule, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, Lari ilikuwa inaungua. Nyanya yangu alikuwa msichana wa miaka tisa, kijiji cha jirani. Washambuliaji walifuata familia za watu waliokuwa upande wa serikali, machifu, wazee na Home Guard. Mzee Luka Wakahangara aliyekuwa chifu aliuawa. Waliokufa wengi walikuwa wanawake na watoto. Wanaume wa Home Guard walikuwa wameitwa doria mbali na manyumba yao, na silaha yao kubwa wakati huo ilikuwa mikuki na panga. Kulipopambazuka kulifuata kisasi cha askari na Home Guard, na idadi ya waliouawa katika hicho kisasi haijakubaliwa hadi leo.

Nyanya haongei sana juu ya Lari. Nilipomuuliza kama bunduki zingesaidia, alikaa kimya, kisha akasema, "Waliokuja walikuwa wanajua majina yetu." Nikadhani hajanielewa swali. Baadaye nikaona amenijibu. Lari ilikuwa na ugomvi wa ardhi wa miaka mingi, jirani na jirani. Baada ya usiku ule serikali iligawia Home Guard shotigani kwa wingi, na wapo waliolinda familia zao nazo. Wapo pia waliozitumia kumalizia ile kesi ya shamba. Mtutu haujui ni kazi gani umeitiwa.

Sheria tunayotumia hadi leo, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ilianza kutumika 1954, katikati ya hofu hiyo. Uhuru ulipokuja hatukuitupa. Inamtaka mwombaji awe na sababu nzuri ya kumiliki, asiwe mlevi wala mwenye akili isiyo sawa. Inamtaka pia aiweke silaha mahali salama kila wakati, isipotee, isiibiwe, isifikiwe na mtu asiye na haki nayo. Soma hapo polepole na utaiona Naivasha ya 1953 ndani yake.

Sababu nzuri. Hayo maneno mawili yamenisumbua. Kaskazini mwa nchi kila boma lina sababu nzuri. Amin alipoanguka Aprili 1979, kambi ya jeshi ya Moroto upande wa Uganda iliachwa, na Wakaramoja wakabeba ghala zima la silaha. Mpokot aliyeona jirani yake ana bunduki akauza ng'ombe akanunua yake. Mturkana naye vivyo hivyo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mjinga. Baba mwenye mifugo na watoto, polisi wako mbali mwendo wa siku mbili, unamwambia nini? Lakini jumlisha sababu nzuri za maboma yote upate bonde ambalo kila mtu ana bunduki na hakuna anayelala. Mwaka 1984 serikali ilituma jeshi na helikopta Pokot kuzikusanya, mifugo ikafungiwa ikafa kwa kiu, na walioteseka zaidi ni wale ambao bunduki ilinunuliwa kwa ajili yao.

Mjomba si mtu wa kukubali tu. Akanikumbusha Westgate. "Septemba 2013, nani aliingia kwanza? Si raia wenye leseni?" Ni kweli. Abdul Haji, ambaye leo ni seneta wa Garissa, aliingia na bastola yake kumtafuta ndugu yake, akasaidia kutoa watu wasiomjua kabisa. Kuna watu wanaopumua leo kwa sababu ya silaha zile za raia. Sitaki kujifanya hiyo haikutokea. Lakini nikamwambia Mjomba, yule alikuwa na mafunzo na mazoea, na bastola ilikuwa kiunoni mwake, wala hakuwa ameamka usingizini na watoto wanalia nyuma ya ukuta. Na serikali yenyewe, Desemba 2018, iliona leseni zimezagaa kwa watu wasiofaa hadi ikaamuru wamiliki wote wahakikiwe upya. Kupata bunduki ni siku moja. Kuwa mtu anayefaa kuwa nayo ni kila siku, mpaka siku ya hasira, siku ya madeni, siku ya pombe.

Basi nikampa jibu langu, na si lile alilotaka. Nilimwambia kabla hajachagua bastola ama shotigani, achukue karatasi aandike jina la kila mtu mwenye ufunguo wa nyumba yake, ama anayejua ufunguo unawekwa wapi. Kisha kando ya kila jina aandike kama angemwachia mtu huyo bunduki yenye risasi kwa usiku mmoja. Akimaliza, ndipo ajue anahitaji sefu ya aina gani, na kama anahitaji silaha kabisa, ama geti la chuma, taa za nje, mbwa wawili na namba za majirani wanaoamka.

Alicheka kidogo, lakini aliandika, kwenye nyuma ya risiti ya saruji. Majina saba. Mkewe. Kijana wake mkubwa, wa miaka kumi na sita, ambaye siku hizi hawasemezani vizuri. Mlinzi mpya. Dada wa kazi. Shemeji yake anayekunywa. Nyanya. Na mimi, niliyelala kwa sebule yake miezi minane nilipoacha chuo, sina kazi, nina msongo ambao sikumwambia mtu.

Alishika kalamu muda mrefu. Kando ya Nyanya aliweka alama mara moja. Kando ya jina langu hakuandika kitu, akakunja ile risiti, akaitia mfukoni. Geti jipya limewekwa mwezi uliopita. Fomu ya leseni bado iko kwenye droo ya duka, haijajazwa, na sijamuuliza.