Chuma cha Wabar: Je, ni Mabaki ya Kaumu ya Aad?

Mabedui wa Rub' al-Khali, jangwa kubwa la kusini mwa Bara Arabu, walisimulia habari za Wabar, mji ulioteketezwa kwa moto wa mbinguni kwa sababu ya maovu ya mfalme wake. Wapo walioinasibisha habari hiyo na kaumu ya Aad. Ilisemwa pia kuwa hapo pana pande la chuma lenye ukubwa wa ngamia.

Mwaka 1932 Mwingereza St John Philby, aliyesilimu mwaka 1930 na kuitwa Abdullah, aliufuata mji huo. Alichokuta ni mashimo yenye kingo za mawe yaliyoungua, akadhani ni midomo ya volkano. Watu wa msafara wake waliokota vijidonge vyeusi vinavyong'aa wakidai ni lulu za wake wa mfalme. Kumbe ni mchanga ulioyeyuka ukawa kioo! Macho yaliwadanganya wote, msomi na asiyesoma.

Kipande cha chuma alichorudi nacho, chenye uzito wa kilo 11 hivi, kilichunguzwa London na Leonard James Spencer wa Jumba la Makumbusho la Uingereza. Hapo ndipo ilipobainika kuwa ni kimondo. Sumaku peke yake si hoja, kwani mawe mengi ya kawaida yenye chuma huvutwa nayo. Mavi ya chuma yatokayo katika matanuri ya wahunzi nayo hudhaniwa kimondo, lakini huwa na vitundu vya hewa, na kimondo kwa kawaida hakina. Hoja yenye nguvu ni nikeli: chuma cha wahunzi kwa kawaida hakina ila chembe, ilhali cha Wabar kina zaidi ya asilimia 7.

Kuhusu Aad, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulipima mchanga wa mashimo yale na kukadiria kuwa kimondo kilianguka takriban miaka 300 tu iliyopita. Nasi twaongeza kuwa Suratul Haaqqa, aya ya 6 na ya 7, inaeleza kuwa Aad waliangamizwa kwa upepo mkali, wala haitaji moto. Basi walioshikilia chuma kile kuwa ushahidi wa Qur'ani waliitegemeza kwa kitu ambacho yenyewe haikukisema.

Pande kubwa lilipatikana katika miaka ya 1960, likapelekwa Riyadh. Lina uzito wa zaidi ya tani 2, ingawa kwa kimo halimfikii ngamia.