Msimu wa 2013/14: Azam, Mbeya City na sababu za karibu

Najua nimepotea kidogo hapa, ila si mnajua mambo ya kampasi: test juu ya test, bumu halijaingia, na vimbweta vyote vimejaa mwaka wa kwanza waliojifungia na madesa. Leo nimepata nafasi nikaona niandike kitu ambacho kimenikaa kichwani tangu tuliposoma zile mada za sababu kwenye historia.

Si mnakumbuka tulivyofundishwa sekondari? Sababu za muda mrefu za Vita Kuu ya Kwanza, alafu "sababu ya karibu", kisa cha Sarajevo. Mwanafunzi anaandika pointi 6, anapata maksi zake, anasepa. Kwenye TP nimefundisha hivyohivyo na watoto wakakariri vizuri tu. Lakini mtu akikuuliza kwa nini Azam walichukua ubingwa wa Tanzania Bara msimu wa 2013/14, anataka neno moja: pesa. Hapa hosteli tumebishana usiku mzima, jamaa wa chumba cha pili (Yanga damu) anasema hakuna cha kujadili, Bakhresa alinunua kombe. Mimi nasema hilo jibu ni la mtu aliyesoma nusu ya desa.

Tuanze na historia yenyewe. Ligi yetu ilianza mwaka 1965, na mabingwa wa kwanza walikuwa Sunderland, ambao ndio Simba ya leo. Kuanzia hapo ni Simba na Yanga, Yanga na Simba, na mara chache sana mtu mwingine anachomoza. Cosmopolitans mwaka 1967. Mseto ya Morogoro mwaka 1975. Pan African mwaka 1982. Coastal Union mwaka 1988. Mtibwa Sugar mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Baada ya Mtibwa mlango ukafungwa kabisa. Kuanzia 2001 mpaka 2013 kombe lilikuwa linavuka tu kutoka Msimbazi kwenda Jangwani na kurudi, umbali ambao unautembea kwa miguu na bado chai yako haijapoa.

Azam ilizaliwa mwaka 2004, timu ya wafanyakazi wa kampuni za Bakhresa. Ikapanda Ligi Kuu mwaka 2008, ikajijengea uwanja wake kule Chamazi. Mashabiki wakawabatiza Wanalambalamba kwa sababu ya zile aiskrimu, ila nyie mnaocheka mjue kwamba vigogo wote wawili wa Kariakoo wakati huo walikuwa wanahamahama viwanja vya mazoezi kama sisi tunavyohamahama madarasa.

Kwa hiyo pesa ilikuwepo, sibishi. Lakini angalieni: msimu wa 2011/12 Azam ilimaliza ya pili nyuma ya Simba. Msimu wa 2012/13 ikamaliza ya pili tena, nyuma ya Yanga. Pesa ileile, Chamazi ileile. Na baada ya 2014 pesa haikuondoka, lakini mpaka mwisho wa msimu wa 2024/25 hawajachukua tena ligi hata mara moja: Yanga mara 3, Simba mara 4, Yanga tena mara 4. Kitu ambacho kipo miaka yote hakiwezi chenyewe kueleza mwaka mmoja. Hapo ndipo ninapomshika yule jamaa wa chumba cha pili.

Msimu ulikuwa na timu 14, mechi 26 kila mmoja. Ulianza kwa kelele za televisheni. Azam TV ndiyo kwanza inaanza, ikanunua haki za kuonyesha ligi, na Yanga wakapinga waziwazi: kwanza mwenye televisheni ndiye huyohuyo mwenye timu shindani, alafu mgao unakwenda sawa kwa kila klabu wakati wanaojaza uwanja wanajulikana. Ukiwa mkweli, hoja ya kwanza ilikuwa na uzito wake. Ya pili mimi siikubali. Timu ya Tabora iliyopanda juzi inasafiri kilomita zilezile kwenda Tanga.

Tarehe 22 Septemba 2013 Azam wakawapiga Yanga, mabingwa watetezi, 3-2, bao la ushindi likiwa la kijana Joseph Kimwaga. Watu wengi wameisahau hiyo mechi, kwa sababu mwezi mmoja baadaye kulitokea kitu ambacho hakuna mtu wa Dar aliyekisahau. Tarehe 20 Oktoba, Simba na Yanga. Mapumziko Yanga wanaongoza 3-0, Ngassa moja, Kiiza mbili. Kuna watu wa Simba walitoka uwanjani wakawahi daladala. Kipindi cha pili Mombeki akarudisha moja, Owino ya pili, Kaze ya tatu. 3-3! Wale wa daladala nadhani mpaka leo hawasemi walikuwa wapi.

Sasa kila ukisoma makala za msimu ule, ile 3-3 ndiyo inakula nusu ya ukurasa. Mimi naiona kama pazia zuri linaloficha dirisha. Watu wakawa wanaiangalia Kariakoo, na huku nyuma yake kuna timu mbili ambazo mpaka mzunguko wa kwanza unaisha zilikuwa hazijafungwa hata mechi moja. Mojawapo ni Azam. Nyingine ilikuwa imepanda daraja msimu huohuo, na mmiliki wake si tajiri wala kampuni, ni halmashauri ya jiji. Mbeya City.

Hapa naomba mnivumilie, maana mimi ni mtoto wa Mwanjelwa na siwezi kuandika sehemu hii bila jasho. Nilikuwa darasa la tano. Mji mzima ulikuwa umechizika. Mama wa kuuza ndizi mbivu sokoni, ambaye hajui ofsaidi ni nini, alikuwa anajua Juma Mwambusi ni nani. Wagonga nyundo! Wazee wakawa wanatupa historia yao kila jioni, kwamba haya yashatokea: Tukuyu Stars ya kule Rungwe, Banyambala wenyewe, ilipanda na kuchukua ubingwa wa mwaka 1986 katika msimu wake wa kwanza tu, alafu mwaka uliofuata ikashuka. Sisi watoto tulikuwa tunasikia ile sehemu ya kwanza tu.

Tarehe 7 Novemba 2013, mechi ya mwisho ya mzunguko wa kwanza, Mbeya City wakaenda Chamazi. 3-3, na mabao yote matatu ya City yakafungwa na mtu mmoja, Mwagane Yeya. Mzunguko ukafungwa Yanga wana pointi 28, Azam 27, Mbeya City 27. Timu ya halmashauri, wadau.

Baada ya mechi ile Stewart Hall, kocha Mwingereza wa Azam, akaondoka. Simba nao walishamwondoa Abdallah Kibadeni, wakamleta Logarusic. Yanga walikuwa wanaongoza ligi, lakini Desemba wakafungwa 3-1 na Simba kwenye ile mechi ya Nani Mtani Jembe, ambayo haikuwa na pointi hata nusu, na Ernie Brandts akafukuzwa. Akaja Hans van der Pluijm. Yaani kati ya timu 4 zilizomaliza juu, tatu zilibadilisha kocha katikati ya msimu. Aliyebaki na kocha wake ni City peke yao.

Azam wakamchukua Joseph Omog wa Kameruni, ambaye mwaka 2012 aliipa AC Léopards ya Kongo Brazzaville Kombe la Shirikisho Afrika. Mtu mtaratibu. Hakuleta mapinduzi, alikuta timu imeshajengwa: Aggrey Morris nyuma, Himid Mao na Salum Abubakar katikati, Bocco na Kipre Tchetche mbele. Huyo Salum Abubakar tunamwita Sure Boy, jina alilolirithi kwa baba yake aliyecheza Yanga (historia ya mpira wetu ina undugu mwingi kuliko harusi ya Kizaramo). Chini ya Omog, mzunguko wa pili Azam walikusanya pointi 35 kati ya 39. Sare 2 tu, zilizobaki zote ushindi. Mzunguko wa kwanza walikuwa wametoa sare 6. Hiyo ndiyo tofauti, na haikununuliwa dukani.

Na Yanga? Yanga hawakuwa wabovu hata kidogo. Februari walimpiga Ruvu Shooting 7-0. Machi walimfunga Al Ahly 1-0 hapa Dar kwa kichwa cha Cannavaro wetu, Nadir Haroub, wakaenda Alexandria wakafungwa 1-0 na kutolewa kwa penalti. Watu walilia. Azam wao walitolewa mapema na Ferroviario ya Beira kwenye Kombe la Shirikisho, wakarudi nyumbani kuhangaika na ligi. Siku 10 baada ya Alexandria, tarehe 19 Machi, Yanga na Azam wakakutana tena. Kavumbagu akaifungia Yanga, Kelvin Friday akasawazisha. 1-1.

Alafu ikaja Jumapili ya tarehe 30 Machi. Mkwakwani, Tanga, Mgambo JKT wakaifunga Yanga 2-1. Mgambo haohao walikuwa wameshaifunga Simba 1-0 Februari. Siku hiyohiyo Dar, Azam wakaifunga Simba 2-1. Ukimuuliza shabiki wa Yanga ubingwa ulipotea wapi, atakuambia Tanga. Hiyo ndiyo Sarajevo yake.

Mimi nimekaa na kalamu kwenye kimbweta nikapiga hesabu. Mwisho wa msimu Azam 62, Yanga 56. Wape Yanga zile pointi 3 za Mkwakwani, wanafika 59. Bado hawajachukua. Sasa acha Mgambo kama ilivyo, geuza zile mechi mbili za Azam na Yanga ziwe ushindi wa Yanga: Yanga 61, Azam 58. Bingwa anabadilika. Ubingwa haukupotea Tanga, ulipotea kwenye zile mechi mbili, na ya kwanza ilichezwa Septemba wakati wote tunaona ligi ndiyo kwanza inaanza. Kwa timu tatu zilizoifuata kwenye msimamo, yaani Yanga, City na Simba, Azam walichukua pointi 14 kati ya 18.

Tarehe 13 Aprili 2014 ndiyo siku yenyewe. Azam walikuwa Mbeya, uwanja wa Sokoine. Jana yake ilikuwa imetimia miaka 30 tangu Edward Sokoine afariki kwa ajali ya gari kule Morogoro, na redio ilikuwa imeshinda na habari zake, kwa hiyo kwetu jina hilo lilikuwa kila mahali wikiendi ile. City walikuwa hawawezi tena kuwa mabingwa. Yanga walishawafunga 1-0 Februari, wakapigwa na Coastal Tanga. Lakini wangeweza kuwachelewesha Azam, na nchi nzima ya njano siku hiyo ilikuwa inaishangilia Mbeya City.

Baba alikataa kutupeleka, watu walikuwa wengi mno. Tulikaa nje na redio. Mwaikimba akafunga kabla ya mapumziko, baba akaizima redio. Akaiwasha. Mwagane Yeya akasawazisha, mtaa ukalipuka, kuku wa jirani wakaruka ukuta. Dakika chache tu Bocco akafunga la pili. 2-1. Arusha Yanga walikuwa wanaifunga Oljoro, ila haikusaidia tena, kwa sababu Azam walifika 59 na Yanga 55 na imebaki mechi moja.

Azam wakamaliza bila kufungwa, ushindi 18, sare 8. (Si wa kwanza, Simba walishafanya hivyo 2009/10.) Mbeya City wakamaliza wa tatu na pointi 49. Simba wakawa wa nne na pointi 38, ingawa mfungaji bora alikuwa wao, Amissi Tambwe wa Burundi, mabao 19. Desemba mwaka huohuo wakamwacha, akavuka barabara kwenda Yanga, na msimu wa 2015/16 akawa mfungaji bora tena kwa mabao 21. Walioshuka ni Ashanti United, JKT Oljoro na Rhino Rangers wa Tabora. Ashanti na Rhino walikuwa wamepanda pamoja na City, basi moja.

Sasa kinachoniuma. Azam walichukua kombe mbele ya macho yetu na wamepewa sentensi moja kwenye historia, "walikuwa na pesa". City hawakupewa hata hiyo. Mwambusi baadaye akaondoka, wachezaji wakatawanyika, mwaka 2023 timu ikashuka daraja, mwaka 2025 ikarudi. Ukiwauliza watoto wa fomu tuu niliowafundisha kwenye TP, wanaijua ile 3-3 ya Simba na Yanga kwa kuangalia simu, mabao yote sita. Nikawauliza ile 3-3 nyingine, ya Chamazi. Darasa kimya. Mmoja akanyoosha mkono: "Ticha, hiyo ilikuwa ni kombe gani?"

Nikawaandikia jina la Mwagane Yeya ubaoni, kengele ikagonga.